Maji ya Kurudi Nayo

Siku tulipofungua sanduku la marehemu mama ili ndugu wagawane nguo zake, tulikuta khanga ambazo hazijawahi kuguswa na maji, mashuka mawili ambayo sijui yalifikaje kwake, na chini kabisa koti zito la jeshi, rangi ya majani makavu. Mjukuu wangu Neema alilinyanyua akalisogeza mbali na pua yake. "Bibi, hili linanuka samaki wa moshi," akasema. Wenzake wakacheka. Mimi nilikaa kwenye godoro tupu la mama. Nilijua koti lile lilipita wapi. Sikujua kwamba mama alikuwa amelitunza miaka yote hiyo.

Nyie wa rika langu mliokulia Newala hamna haja ya kuelezwa habari za maji. Naelezea kwa ajili ya hawa wanaofungua bomba na kuliacha likitiririka huku wanaongea na simu. Kijiji chetu kilikuwa ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu, upande unaotazama Ruvuma. Ukisimama nyuma ya choo chetu uliliona bonde lote, na katikati ya bonde mahali pamoja panapong'aa. Lile lilikuwa ziwa. Tuliliona kila siku ya Mungu na ndani ya nyumba hatukuwa na maji ya kutosha kulowesha kitambaa. Kiangazi wanawake waliteremka jogoo wa kwanza, wakakaa kwenye visima vya mchanga kusubiri maji yajikusanye, kisha wakapanda mlima na mtungi kichwani, jua limeshakuwa kali. Mtungi mmoja ulikuwa kazi ya siku nzima. Tulinawa uso kwa funda moja: unaweka maji mdomoni, unayatema kidogo kidogo viganjani. Maji yaliyoosha muhogo yaliosha mikono, na yaliyoosha mikono wakapewa kuku. Nilipokuwa mdogo sana nilimwaga kata moja kwa kucheza. Mama hakuwa mtu wa kupiga, lakini siku hiyo alinichapa mpaka akalia yeye mwenyewe.

Baba alikuwa amekwenda vitani, vita vile Mwingereza alivyopigana na Mjapani, akarudi na mambo mawili: koti na hadithi. Hadithi yenyewe ilihusu ziwa fulani huko Bara Hindi, katikati ya milima, ambako alifuatana na afisa wake kama mtumishi. Wazungu wakipewa livu, yaani likizo, alisema, hukodi nyumba zinazokaa juu ya maji. Nyumba kamili, zina vitanda na mapazia. "Huendi kisimani," alikuwa akimwambia mama. "Unalala kitandani, unatoa mkono mlangoni, unachota." Mama kila mara alimwambia aache uongo wa askari. Na kila baada ya siku chache, akiwa ameutua mtungi na bado anahema, alimwomba aisimulie tena.

Mimi nilikuwa mtoto wao pekee. Baada yangu mimba mbili ziliharibika, zote kiangazi, zote njiani akipanda na mtungi. Ya tatu ilipofikia mwezi wa tano baba alimpeleka mama kwa miguu hadi hospitali ya Mkomaindo, safari ya siku mbili, nami nikifuata nyuma. Daktari akampima, akasema mtoto yu mzima, lakini mama asibebe kitu kizito kichwani mpaka ajifungue. Mama aliitikia vizuri sana. Tulipotoka nje alicheka. Alicheka mpaka tukafika Masasi mjini, na nilidhani daktari alikuwa amemwambia jambo la kufurahisha.

Wiki ile baba alishuka kuchota mwenyewe. Mwanamume, askari mzima, na ngata ya mtungi kichwani. Watoto walimfuata wakiimba. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, akaja kukaa barazani kwetu. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa baba yake, kwa hiyo mjomba alipokuja hakuja kutembea.

"Shikamoo, kaka," mama akasalimia kutoka ndani.

"Marahaba. Mama Felista, mume wako watu wanasema umemlisha kitu."

"Waache waseme," baba akajibu. "Daktari kakataza."

"Sikatai. Mtoto aliyemo humo ni wangu, namtaka. Lakini utashuka kila siku mpaka mvua? Na shamba atalima nani? Tafuta njia nyingine. Hii nayo ikipotea, nitakuuliza wewe."

Kesho yake baba alivaa koti lake, ingawa jua lilikuwa linachoma, akateremka bondeni akakaa huko siku mbili. Aliporudi hakuwa na koti. Alisimama mlangoni akiwa na tabasamu la mtoto aliyeiba maembe. "Mama Felista," akasema, "fungasha. Tunakwenda livu."

Kijiji kizima kilicheka, na sikilaumu. Makarani wa serikali walikuwa na livu, Wazungu walikuwa na livu, lakini mkulima wa muhogo na korosho? Mimi nilivimba kichwa. Niliamini safari ile ilikuwa zawadi yangu kwa sababu nilikuwa nimemaliza kujifunza kuhesabu mpaka mia. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, na mambo ya tumbo la mama hayakuwa mazungumzo ya kuambiwa mtoto.

Ndivyo tulivyomjua Mzee Nakachi. Alikuwa mvuvi wa ziwani, mfupi, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kukaushia samaki. Alikuwa ameunganisha mitumbwi miwili mikubwa kwa magogo, juu yake akatandaza mianzi, na juu ya mianzi akajenga kibanda cha nyasi chenye kuta za mikeka ya matete. Msimu wa samaki alilala humo kukwepa simba. Baba alikuwa amekikodi mpaka mvua za kwanza, na malipo yalikuwa lile koti. Mzee hakutaka kitu kingine. Alisema baridi ya ziwani ilikuwa imemwingia kwenye mifupa. Tulipofika alikuwa amelivaa, linamfika vifundoni, na alituhakikishia kwamba ziwani mlikuwa na mamba wawili tu na wote anawafahamu.

Wanawake wa ukoo walitusindikiza kuteremka, na kila mmoja alibeba mtungi mtupu. Msishangae. Hakuna mwanamke wa kwetu aliyeshuka bondeni bila chombo, hata akienda msibani, hata akikimbia ugomvi wa ndoa. Ilikuwa imekubaliwa kwamba watatuachia mitungi hiyo, na mawingu yakianza kukusanyika watarudi kutuchukua, na kila mmoja atapanda na mtungi uliojaa. Ilikuwa mitungi sita. Mama, aliyekatazwa kubeba, alibeba madebe mawili matupu yaliyofungwa pamoja. "Tupu si mzigo," alisema.

Lile ziwa nililoliona tangu kuzaliwa kama kitu cha ukubwa wa sahani lilinitisha. Maji yalikuwa wazi tu. Nyumbani kila mtungi una kifuniko chake na juu ya kifuniko jiwe, na hapa maji yote haya yamelala juani, ndege wanayakanyaga. Nikamuuliza baba ni nani aliyeyaacha bila kuyafunika. Baba na Mzee Nakachi walicheka sana. Hata hivyo niliendelea kuamini kwamba mwenyewe yuko mahali na siku yoyote atakuja kuyachukua.

Mzee alikifunga kibanda kwenye nguzo, mbali kidogo na ukingo ili wanyama wasitufikie, akatuachia kamtumbwi ka kwendea nchi kavu. Kisha akaniita upande wa nyuma, akanionyesha mtumbwi wa kushoto. Kulikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa utomvu wa mti, na maji yalikuwa yakijipenyeza taratibu.

"Mjukuu, huyu analia kidogo," akasema. "Haidhuru, wote hulia. Kazi yako ni hii: asubuhi na jioni chota maji yote, mwaga nje. Usiruke hata siku moja. Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Nyumba ya baba yako iko mkononi mwako."

Nilikuwa na miaka saba au minane. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia neno kubwa kama hilo.

Siku za kwanza, sijui niseme nini juu yake. Nimeishi maisha marefu, nimeolewa, nimezaa watano, nimejenga, na sijaona tena mtu mwenye furaha kama mama yangu alivyokuwa ndani ya kibanda kile. Alilala ubavu mlangoni, akatoa mkono, akachota. Akayamwaga tena ziwani, akachota. Alioga mara tatu kwa siku. Baba alikaa mbele akivua kwa ndoana asizojua kuzitumia, na kila mama alipotoa mkono alimwambia, "Uongo wa askari, sivyo?" Mama alikuwa na kipara utosini, duara la ukubwa wa ganda la nazi, ambalo ngata ilikuwa imelinyoa tangu alipokuwa msichana. Baada ya wiki mbili nywele laini zilianza kuota pale. Alinishika kidole akanipitishia juu yake, tukacheka. Kisha akakishusha kidole kilekile tumboni kwake, na kitu kikanipiga teke. Ndipo nilipoelewa kuna mtu humo.

Baba alikuwa amechomeka kijiti kwenye maji ukingoni, mahali pa kufungia mtumbwi. Asubuhi moja niliona kijiti kimesimama kwenye tope. Baada ya siku tatu tope lilikuwa limekauka na kupasuka, na kijiti kiko hatua nne kutoka majini. Nilikaa nikakitazama kwa muda mrefu. Kila kisima nilichokijua kilikuwa kimefanya hivihivi. Kwanza kinarudi nyuma, halafu wanawake wanachimba zaidi, halafu wanakiacha. Nikawatazama wazazi wangu, mmoja anaoga na mwingine anavua, nikaona kwamba wamelewa maji na hakuna anayeangalia. Maji yalikuwa yanaondoka, mvua ilikuwa bado, na siku wanawake watakapokuja na ngata zao watakuta tope. Mama atarudi nyumbani na mitungi mitupu, na siku ya pili yake atashuka tena.

Jioni ile nilichota maji ya mtumbwi kama kawaida. Nilinyanyua kata niyamwage, na mkono ukakataa. Nakumbuka vizuri sana, kama mtu anavyokumbuka siku ya harusi yake. Yalikuwa na magamba ya samaki na harufu kidogo, lakini tuliwahi kunywa mabaya kuliko hayo na tukashukuru. Mtungi wa kwanza ulikuwa hapohapo nyuma ya kibanda, umeegemea ukuta. Nikayatia humo. Nikaweka kifuniko, na juu ya kifuniko nikaweka jiwe la kuzamishia nyavu.

Baada ya hapo sikumwaga tena hata tone. Asubuhi na jioni, kata baada ya kata, nilijaza. Mzee Nakachi alipopita na mtumbwi wake alichungulia ndani ya ule wa kushoto, akaukuta mkavu, akanisifu mbele ya baba: "Mtoto huyu ana mkono." Nami nilizidi kuwa na siri tamu. Nilipanga kuwaonyesha siku ya kuondoka, vyote vimejaa, na wanawake wakishangaa.

Siku moja Mzee alisimama mbali akakitazama kibanda, kichwa upande. "Baba Felista, chombo kimekaa vibaya. Kimelala kushoto. Panga mizigo yenu." Baba akahamisha gunia la unga, shoka, na sanduku lake la bati, akaviweka kulia. Kibanda kikakaa sawa. Kilikaa sawa, na pande zote mbili kilikuwa kimeshuka, lakini sisi watu wa mlimani tungejuaje mtumbwi unatakiwa kutoka majini kiasi gani? Mitungi baba hakuigusa. Tuliiteremsha mitupu, na kwake iliendelea kuwa mitupu.

Halafu unga ukapungua, na baba akapanda nyumbani kuleta mwingine na kumpa mjomba habari njema. Alituaga asubuhi, akasema atarudi kesho. Mchana nikamaliza debe la mwisho. Nilikaa karibu nalo nikaimba peke yangu. Mama alikuwa amelala ndani. Upepo wa mchana, ambao kila siku ulikuja na kuondoka, siku ile ulikuja na nguvu zaidi, ziwa likafanya mikunjo, na mkunjo mmoja ukaingia juu ya ukingo wa mtumbwi wa kushoto. Kisha wa pili.

Nilijua kazi yangu. Nikaruka ndani nikachota kata ya kwanza, nikageuka kutafuta chombo. Mtungi wa kwanza umejaa. Wa pili umejaa. Nilikwenda mpaka wa sita, nikaenda kwenye madebe, nikainua vifuniko kimoja kimoja kana kwamba huenda mmoja ulikuwa umejisahau. Maji yakawa yananifika magotini. Na mimi nimesimama na kata iliyojaa mkononi, natafuta pa kuyaweka.

Mianzi ikalia. Mitungi ikaanza kuteleza kuelekea upande wangu, yote kwa pamoja, na kibanda kikainama juu yake. Nikamsikia mama akiita jina langu mara moja. Ukuta wa matete ulimwangukia ukamfunika kama mtu aliyeviringishwa kwenye mkeka. Mimi nilishika gogo. Niliona mkono wake ukitoka mlangoni, ule ule wa kuchotea, ukipapasa.

Mzee Nakachi alikuwa akitega nyavu upande wa pili. Alikuja akipiga kasia huku akipiga kelele, akaukata mkeka kwa kisu, akamtoa mama kwa nywele na kwapa. Mama alikuwa hai. Gogo lilikuwa limempiga tumboni. Alitulaza kwenye mchanga, akavua lile koti akamfunika mama, akakimbia kuita wanawake wa bondeni. Walikuja bibi watatu wakanifukuza nisione. Nilikaa kando ya kijiti cha baba. Kabla ya jua kuzama mmoja wao alipita na kitu kidogo kimefungwa kwenye kitambaa, amekipakata, akaelekea vichakani, na mwingine akamfuata na jembe. Alikuwa mvulana. Hilo nililisikia miaka mingi baadaye, jikoni, watu wakidhani nimelala.

Mama alipandishwa kwa machela, koti likabaki kwa mzee. Hakuzaa tena.

Mjomba alikuja kumuuliza baba kama alivyoahidi. Sikuwahi kumwona baba akiwa mdogo namna ile. Alikaa chini, mikono katikati ya magoti, akasema mtumbwi ulikuwa na ufa, mtumbwi ulikuwa umeoza, mzee yule alitukodisha jeneza. Aliamini. Alikuwa amekuta gunia, magogo na nyasi zikielea, na mitungi iko chini ya ziwa. Mjomba akasimama akaenda zake. Kesho yake alishuka na vijana wanne na mashoka. Waliuvuta ule mtumbwi wa kushoto wakaupasua, wakaupasua na wa kulia ambao haukuwa na ufa wowote, wakachoma nyasi na matete, na wakachoma na nyavu.

Baada ya siku chache Mzee Nakachi alipanda mlima, akaja mpaka barazani kwetu na koti limekunjwa chini ya kwapa. Alikuwa mzee na njia ile ni mbaya. Mjomba alikuwepo, baba alikuwepo, mama amelala ndani karibu na mlango.

"Nimerudisha koti," akasema. "Livu haikuisha. Siwezi kulivaa."

Hakuna aliyelipokea.

"Mitumbwi yangu mmekwisha kuipasua, sidai. Lakini niliigusa kabla ya mashoka. Haikuoza. Nimelala humo miaka, mimi na mizigo yangu. Nataka kuelewa tu." Akanigeukia. Sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Mjukuu, ulikuwa unamwaga maji kila siku?"

Wote walinitazama. Nilimtazama mjomba.

"Ndiyo, babu," nikasema.

"Mtoto amekujibu," mama akasema kutoka ndani, kwa sauti ya mgonjwa. "Baba Felista, pokea koti la mzee. Felista, mpe mgeni maji."

Nilimletea kata. Mgeni aliyepanda mlima hupewa maji hata kama ni adui, na ile kata ndiyo iliyokuwa ya mwisho siku ile. Alikunywa nusu, akashukuru. Kisha, kama wafanyavyo watu wa ziwani, akaisuuza kata kwa maji yaliyobaki na kuyamwaga chini.

Mjomba aliinuka nusu kwenye kigoda. Baba alitoa mkono mbele, kana kwamba angeweza kuyadaka. Mama alishusha pumzi kwa nguvu kule ndani. Na mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, viganja vyangu viko juu ya ule udongo uliolowa, ninajaribu kuyakusanya.

Mzee Nakachi aliangalia udongo. Alimwangalia baba, akamwangalia mjomba, halafu akaniangalia mimi, kwa muda mrefu, pale chini nilipokuwa. Niliona macho yake mekundu yakielewa. Alikuwa na nafasi ya kusema. Mbele yake alikaa mtu aliyemmaliza, na jibu la kumwaibisha lilikuwa limepiga magoti miguuni pake.

"Nisamehe, mjukuu," akasema. "Sikujua."

Aliweka kata juu ya kizingiti, taratibu, akaondoka. Tulisikia amevuka Ruvuma kwenda kwa ndugu zake upande wa Mreno. Hatukumwona tena.

Baba alikufa akiamini ule mtumbwi ulioza, na akiamini kosa ni lake kwa kutouangalia. Hakuwahi kuisimulia tena hadithi ya Bara Hindi. Nilikuwa na nafasi elfu za kumwambia, na zote nikaziacha zipite, kwanza kwa hofu, baadaye kwa mazoea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ziwa. Ziwani nilikuwa mtoto. Kitandani kwa baba nilikuwa mwanamke mwenye watoto watano.

Mama nilimwambia. Alikuwa amezeeka, nimemleta kwangu Masasi, na alikuwa na tabia ya kukaa kigodani karibu na bomba la uani akilitazama kama mtu anayemlinda mtoto asianguke. Kipara chake utosini kilikuwa kimerudi palepale. Nilikaa karibu naye nikamwambia yote, kijiti, mitungi, madebe, ile kata ya mwisho. Hakugeuka.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona lini?"

"Siku zote. Ukuta wa matete una matundu. Nilikuwa nalala pale nikikusikiliza unajaza, nikawa nahesabu. Mtungi mmoja siku mbili, tukibana. Mitungi sita, madebe mawili. Nikasema, nikirudi nitakaa nusu mwezi na zaidi bila kushuka. Nikasema mtoto wangu ana akili."

Nikauliza: "Mama, kwa nini hukuniambia niyamwage?"

Sasa aligeuka. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile nimezungumza lugha ya watu wengine.

"Ningekuambiaje umwage maji, Felista?"

Hatukulizungumza tena. Sikumuuliza habari za siku ile ya barazani, sauti yake ya mgonjwa ikisema mtoto amekujibu, na hakuniambia. Sikujua kama alilihifadhi koti, na sasa nimejua.

Neema alikuwa bado amelishika, analisubiri neno langu. Nguo nyingine zote zilikuwa zimeshapata watu. "Bibi," akasema, "na hili apewe nani?"

Nikamwambia likunjwe lirudishwe sandukuni, maana lina mwenyewe. Akaniuliza mwenyewe anaitwa nani, anaishi wapi, tumpelekee. Niliinuka nikamwomba aniletee maji ya kunywa.